Bluu ya Tausi Juu ya Macho Yangu

Jumatatu, 7 Aprili

Mwenyekiti Noh katangaza asubuhi: ubao wa lango la soko unabadilishwa. Utawekwa uso wa mwanamke mmoja wa hapa hapa sokoni. Mpiga picha anakuja Ijumaa, kura Jumamosi. Wote wakageuka kumtazama Mama Bo-ra, muuza keki za samaki. Wote! Mimi niko mlango wa tatu kutoka kwake, nashona na kupunguza suruali miaka ishirini na sita, hakuna aliyenigeuzia hata sikio.

Nikaenda duka la vipodozi. Nimenunua rangi ya machoni, bluu ya tausi. Binti wa dukani akaniambia mama, siri ni kujiamini tu.

Nikajiamini. Nikapaka. Nikatazama kioo. Hakuna kitu! Nikaongeza. Hakuna! Nikafumba jicho moja: bluu imejaa tele. Nikafumbua: imepotea. Kope zangu hazina mkunjo, nikifumbua macho zinaimeza rangi yote. Miaka hamsini na tisa ninaishi na macho haya, na leo ndiyo yananifanyia hivi.

Mume wangu, Baba Dong-uk, alikula chakula chote mbele yangu. Kasema kimchi, kabichi yangu ya pilipili, imechacha vizuri.

Jumanne, 8 Aprili

Mpango ni huu: nifumbe macho mara nyingi iwezekanavyo. Polepole. Kwa madaha.

Nimefumba nikisalimia. Nimefumba nikihesabu vifungo. Muuza uyoga kaniuliza kama nimemkasirikia. Mama Bo-ra kaniletea chai ya tangawizi, ananihurumia eti sijalala. Bluu hakuiona!

Nimepima suruali ya Mwenyekiti Noh macho nimefumba. Mguu mmoja sasa unaishia juu ya kifundo. Kaivaa hivyo hivyo, muungwana yule. Lakini kura yake nina wasiwasi nayo.

Jumatano, 9 Aprili

Mchana nikafumba macho mbele ya mchuzi wa kabichi, kama mtu anayesali. Nilikaa hivyo mpaka mchuzi ukapoa. Nilipofumbua, mama mmoja wa kanisani ameketi mbele yangu, machozi yanamlenga, ananikaribisha ibadani Jumapili. Mimi mtu wa hekalu la Buddha! Nimeshindwa kukataa.

Basi nikageukia upande wa pili. Nikamwambia Mama Bo-ra, kwa siri, kwamba mpiga picha huyo hapendi rangi kali. Anapenda rangi za udongo, zile za jani kavu. Akanishukuru kwa mikono miwili. Mimi ni hatari!

Alhamisi, 10 Aprili

Siku mbaya. Nimebandika zile gundi za utepe za kutengeneza mkunjo wa kope. Jicho la kushoto likakataa. Jicho la kulia likafunguka na halikufungika tena. Mchana kutwa nimekaa na jicho moja lililoshtuka. Mteja aliyekuja kubishania zipu alinitazama mara moja, akaomba radhi, akaondoka.

Mama Bo-ra akaja mbio na mafuta ya ufuta ya uvuguvugu. Akaibandua taratibu, huku ananisuta: "Mama Dong-uk, mbona unapigana na macho yako mwenyewe? Yamekukosea nini?"

Nikamwambia rangi haionekani. Nikasema kwa hasira, maana ilibidi niseme. Hata siku ya harusi mama mkwe alinipaka rangi ya vumbi, akasema macho kama haya yasisumbuliwe.

Akacheka mpaka akashika meza. "Shoga, hebu nitazame vizuri. Mimi nina macho gani? Si haya haya?"

Kweli! Miaka yote sijawahi kuona. Ujanani, kumbe, aliwapamba waimbaji waliozunguka na maonyesho. Akanikalisha. Kasema nisifumbe, nimtazame usoni, rangi inapakwa jicho likiwa wazi, na ipande juu, juu kabisa, karibu na nyusi. "Usiiombe ruhusa," kasema. "Iweke mahali unapotaka ionekane."

Akanipa kioo. Bluu! Macho yamefumbuka na bluu ipo! Nilitaka kulia, nikajizuia nisiharibu kazi yake.

Nilitaka pia kumwambia kuhusu zile rangi za udongo. Mteja akaingia.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimetembea katikati ya soko kichwa juu. Muuza uyoga kaangusha uyoga. Baba Dong-uk, aliyekuja kuniletea mkasi, alinipita, akarudi, akauliza kama ni mimi. Kisha akasimama tu pale. Kasema hata siku ya harusi hakuniona hivi. Akasahau kunipa mkasi.

Halafu akatokea Mama Bo-ra. Amepaka udongo mtupu. Uso kama jani la mwaka jana.

Nikamvuta nyuma ya cherehani, nikakiri yote. Nilidanganya, nikasema. Simjui mpiga picha wala anachokipenda.

"Najua," akanijibu. "Ni mtoto wa dada yangu. Anapenda rangi zote, hata zisizofanana."

Sasa kwa nini umepaka hii, nikauliza. Kasema alitaka kuona nitavumilia mpaka saa ngapi. Saa tatu na nusu, akasema, si mbaya.

Nikachukua rangi yake ya kijani, nikampaka kwa mkono wangu, macho wazi, juu mpaka nyusini. Mkono wangu ni wa sindano, si wa brashi. Nyusi moja ikawa kijani yote. Tulicheka mpaka mpiga picha akatukuta hapo hapo, akatupiga picha sote wawili.

Jumamosi, 12 Aprili

Kura zimehesabiwa. Soko limechagua picha ya wawili! Mwenyekiti Noh kapiga makofi kuliko wote.

Jumapili, 13 Aprili

Nimekwenda kanisani, ahadi ni ahadi. Wameimba vizuri.

Ubao umepandishwa mchana. Nimeutazama kutoka ng'ambo ya barabara, nikavuka, nikautazama tena. Mwanamke yule wa bluu hamwogopi mtu. Wasichana wawili wa shule walisimama kumpiga picha.

Na yote haya ni akili yangu mwenyewe! Mtu mwingine angekata tamaa Jumanne.

Jioni wametangaza shindano la kuimba la vuli. Mama Bo-ra kajiandikisha, na mimi pia. Nimekwenda kumnong'oneza kwamba waamuzi wa mwaka huu wanachukia nyimbo za kuchezesha, wanataka za huzuni, mtu aimbe ameketi. Akaniomba nirudie taratibu, akaandika kila neno kwenye mfuko wa karatasi, akanipa keki ya samaki ya moto. Maskini wa Mungu, haelewi chochote. Kesho nanunua rangi ya zambarau.