Bwana Harusi Ndani ya Lipiko

Jumanne, 29 Julai 2003
Wiki ya tatu ya ndoa. Asubuhi Elisha kanimenyea chungwa kabla ya kwenda bandarini. Magomeni nzima hapa Mtwara hakuna mume kama huyu. Na leo habari kubwa: Bwana Utamaduni, afisa wa mkoa, anatafuta tamthilia yenye nyimbo ya kuchezwa Nane Nane. Mwandishi atakayeshinda ataandikia mkoa mwaka mzima. Mimi! Niliyekuwa naandikia mahafali ya kidato cha nne! Tamthilia yangu iko tayari: kijana wa bandarini anampenda binti wa mwalimu. Binti nitakuwa mimi. Kijana ni Elisha, nani mwingine? Mwalimu Veronika wa kwaya naye ana yake, kuhusu ubwiriunga wa mikorosho. Ugonjwa wa majani, nyimbo kumi na moja. Maskini.

Alhamisi, 31 Julai
Elisha ameimba. Nampenda. Mwanaidi wa Mpapura, anayeongoza wanawake wangu waitikiaji, akaniuliza kwa upole kama shemeji anaumwa koo. Akashauri tumchukue Ismaili, mwenye sauti ya asali. Nimwite Ismaili mpenzi mbele za watu, hina ya harusi bado iko mkononi? Thubutu. Nimewaza mpaka ugali ukaungua, ndipo nikapata jibu: Elisha avae lipiko, kinyago cha ngoma za Wamakonde kinachomeza kichwa kizima. Ismaili aimbe nyuma ya pazia. Nani atajua?

Jumamosi, 2 Agosti
Ramadhani wa Nanyamba, anayefanya kazi na Elisha, amemwazima lipiko kuukuu la mjomba wake. Kalileta ndani ya gunia, kanikataza kuchungulia. Kisha akacheka hadi akaegemea ukuta. Eti shemeji, lipiko halichumbii mtu, lipiko linakimbiza wanawake, ndio mchezo wenyewe. Nikamjibu kwamba la kwangu limestaarabika. Kwetu Songea hatuna mambo hayo, lakini sanaa naijua. Waitikiaji sijawaambia kitu. Nataka nyuso zao zionyeshe mshangao wa kweli.

Jumanne, 5 Agosti
Majaribio mbele ya Bwana Utamaduni. Nyuso zimeonyesha mshangao.

Elisha aliingia akapiga goti mbele yangu, mzuri ajabu hata bila uso. Mwanaidi akapiga yowe la furaha, na waitikiaji wote wakakimbilia mlangoni wakicheka, kanga juu. Elisha, mtu wa watu, akawafuata kuwasihi warudi. Kadiri alivyowasihi ndivyo walivyokimbia. Dada mpiga chapa wa Bwana Utamaduni naye akakimbia, viatu mkononi. Wanarudi kidogo, wanamchokoza, wanatoka tena. Elisha akataka kuvua kinyago waone ni yeye tu. Ramadhani akaruka jukwaani, akamfunika koti kichwani, akafoka kwamba mwenye lipiko havuliwi mbele ya wanawake, we mtu umelogwa? Wakati huo Ismaili, asiyeona kitu, yuko ubeti wa nne nyuma ya pazia, ananiomba nisiondoke.

Mimi peke yangu sikuondoka.

Bwana Utamaduni alifuta machozi. Akasema hajacheka hivyo tangu ahamie Mtwara, lakini tamthilia inahitaji waigizaji wanaobaki ukumbini. Kashinda Veronika. Nimelia. Elisha kaninunulia mishikaki.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane. Veronika, kwa huruma yake ya kuudhi, alimpa Elisha nafasi ya mkorosho. Haimbi, anasimama tu na kunyauka. Jamani, alivyonyauka! Mwanaidi, jirani yangu pale uwanjani, kasema hajaona mti mwenye uchungu namna ile. Nimepiga makofi hadi viganja vikawaka.

Na katikati ya makofi nikaliona kosa letu. Lipiko lilikuwa moja tu! Mwanamke akilikimbia, hana pa kwenda ila nje. Yangekuwa saba, moja kila mlango, wangebaki jukwaani. Nimeanza kuandika tamthilia mpya leo hii hii. Elisha ndiye kiongozi wa mapiko yote, na safari hii ataimba mwenyewe. Nimemwuliza akiwa bado na majani mdomoni. Hakukataa.