Magonjwa Yaligawanywa kwa Vyeo

Kwa neema ya Mungu na kwa juhudi za Kamati ya hospitali, tuliwatangazia wakazi wa Likasi kwamba mji wao hautaachwa nyuma tena na sayansi ya tiba, hata kwa saa moja. Ni kweli kwamba mabomba ya moshi ya viwanda yalikuwa yamenyamaza, treni ilikuja ilipopenda, na hospitali yetu haikuwa na bandeji. Lakini bandeji ni jambo la mkono. Sisi tulizungumzia jambo la kichwa.

Mashine ilikuwa zawadi ya wafadhili: kompyuta moja, redio moja, na antena iliyofungwa juu ya paa, karibu na msalaba. Setilaiti ilipita juu ya Katanga mara chache kwa siku. Kazi ilikuwa kuiambia mashine mara moja tu ni ugonjwa gani unaoutaka. Tangu hapo kila utafiti mpya juu ya ugonjwa huo, ukichapishwa popote duniani, ulikufuata wenyewe kwa muhtasari. Njia hizo za habari tuliziita mikondo. Mashine ilikubali mikondo sita.

Mimi nilikuwa Katibu wa Kamati na mtunza ufunguo. Nilijifunza kupiga chapa katika masomo ya jioni ya parokia, kichwa kikiwa tayari na mvi. Kwa hiyo najua thamani ya elimu, na najua kwamba haifai kutolewa ovyo.

Kikao cha kwanza nilikifungua kwa sala. Kisha magonjwa yakagawanywa kwa vyeo. Mkurugenzi, Papa Magloire, alichukua moyo, kwa sababu haifai mkuu augue chini ya kifua. Akaongeza saratani kwa niaba ya mke wake, ambaye hakuwa nayo, lakini alikuwa mtu wa heshima. Naibu wake, Papa Benoît, alichukua upandikizaji wa figo. Chumba chetu cha upasuaji hakikuwa na taa. Alisema taa zikija zitatukuta tayari. Mkuu wa Utumishi alidai ugonjwa ambao hakuna mwingine Katanga nzima angekuwa nao, akapewa maradhi ya wapanda milima ya theluji. Mkuu wa Itifaki, kwa wivu, akachukua maradhi ya wapiga mbizi wa baharini. Mkondo wa sita tuliuacha wazi kwa mgeni wa heshima, kama tunavyoacha kiti cha mbele katika kila sherehe.

Mama Philomène, mkuu wa wauguzi wa hangari, banda la wagonjwa lililoko nyuma ya hospitali, alikuja ofisini bila miadi.

“Papa Sekretere, minye nataka mukondo moya. Ya kuhara.”

“Mama, hakuna kiongozi aliyechagua kuhara.”

“Njo juu ya ile nakuya! Bantu banatoka ku ziwa Tshangalele kila siku, banabebwa na baiskeli, mayi yote imeisha mu mwili. Serum ya kutia mu mushipa imeisha. Sukari hakuna mu soko. Pengine kule Bulaya kuko muntu aliandika namna ya kufanya kama hauna kitu.”

“Wanaoandika ni wale walio na vitu, Mama.”

“Basi tuulize! Kuuliza kunakula nini? Mutoto wa dada yangu Viviane iko mule ndani. Tina. Analia, machozi haitoke.”

Nilimweleza kwamba mkondo wa sita ni wa mgeni.

“Mugeni gani?”

“Bado hajateuliwa.”

“Anakuya lini?”

“Akishaalikwa.”

“Eh, Yezu,” alisema Mama Philomène, akaenda zake bila kufunga mlango.

Nilimwombea mtoto rozari nzima. Sala, tofauti na mkondo, haihitaji kibali.

Mtu asidhani kwamba Kamati haikujali hangari. Neno kolera, yaani kipindupindu, lilikuwa linaharibu sifa ya mji, na Mkurugenzi alilishughulikia kwa waraka. Kuanzia tarehe ya waraka huo, mtu yeyote anayefika kutoka ziwani akiwa dhaifu aliitwa msafiri aliyechoka. Msafiri aliyechoka alikuwa na haki ya mkeka na kivuli. Dawa hakuwa na haki nayo, maana uchovu hautibiwi. Chakula aliruhusiwa, kama kipo. Kolera ikaisha Likasi siku hiyohiyo. Waraka ulilinda pia maisha ya makada, yaani sisi wenye vyeo: hakuna kada atakayepewa tiba mpya kabla Kamati haijaithibitisha.

Uzinduzi wa mashine ulifana. Kulikuwa na bukari, ugali wetu, kwa samaki wabichi wa Tshangalele, na kachumbari iliyooshwa kwa maji ya huko huko. Mkurugenzi alihutubia juu ya moyo. Kesho yake asubuhi aliletwa amebebwa begani kama gunia. Wodi ya makada ilikuwa imefungwa tangu wezi walipoondoka na mabati yake, kwa hiyo alilazwa hangarini, kwenye mkeka, ubavuni mwa Tina.

“Sekretere!” aliniita. Macho yalikuwa yameingia ndani. “Weka kuhara mu kiti ya mugeni. Sasa hivi!”

Nilitii. Mchana setilaiti ilipita, na kuhara kukatufikia. Kati ya mihtasari mingi mmoja ulisema hivi: mahali pasipo na serum wala sukari, uji mwepesi wa nafaka wenye chumvi kwa kipimo unaweza kurudisha maji mwilini. Nafaka! Nyumba zote za Likasi zilikuwa zikiishi kwa unga wa mahindi.

Kwa kanuni, wa kwanza kupata habari ni Mkurugenzi. Nilipiga magoti kando ya mkeka wake nikamsomea kwa sauti kubwa, kwa sababu alikuwa hasikii vizuri. Kwa bahati mbaya hangari haina kuta, na wasioidhinishwa walisikia. Mama Philomène alinilazimisha kurudia kipimo cha chumvi, kisha akawasha mbabula, jiko lake la makaa, akapika uji.

Alimpa Tina kijiko kwa kijiko. Kisha akamgeukia Mkurugenzi na kikombe. Nikamshika mkono.

“Samahani, Mama. Kwa wasafiri huu ni chakula. Kwa kada ni tiba mpya. Lazima Kamati ithibitishe.”

“Weye Sekretere, muntu anakufa, weye unamusomea karatasi?”

“Ni karatasi yake mwenyewe, Mama.”

Mkurugenzi alifumba macho.

Nilipanda haraka hadi ofisini. Papa Benoît alikuwa ameketi katika kiti cha Mkurugenzi, ili kisipate vumbi. Alinisikiliza kwa majonzi.

“Haraka ni adui wa sayansi,” alisema. “Kamati itakaa wiki ijayo. Donc, basi, tumwombee sana.”

Nilirudi na jibu hilo. Tina alikuwa analia, kikombe chake kimekwisha. Mama Philomène alimgusa shavu, akakiangalia kidole chake, kikiwa kimelowa, akaanza kucheka peke yake.

Kisha akamwinamia Mkurugenzi. “Papa, kada hawezi kunywa. Basi acha ukada. Sema: minye ni musafiri mwenye kuchoka.”

Mkurugenzi alifumbua macho. Alitazama sufuria. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

“Minye ni musafiri…”

“Ya wapi?” aliuliza mvuvi mmoja, Kazadi, kutoka mkeka wa mbali.

“Ya Tshangalele.”

“Kijiji gani? Minye sikuyui!”

“Kazadi, muache muzee!” alisema Mama Philomène, na hangari nzima ikacheka, hata wale waliokuwa hawana nguvu ya kugeuka.

“Mwenye kuchoka,” alimalizia Mkurugenzi, akanywa.

Mimi, kama Katibu, sikuwa na budi kuandika kwamba cheo kimebaki wazi. Papa Benoît alikipokea kwa unyenyekevu, bila kuinuka kitini. Amri yake ya kwanza ilikuwa kuurudisha mkondo wa sita kwa mgeni wa heshima. Ya pili ilinituma hangarini kuichukua tena ile habari ya uji kutoka kwa wote walioisikia bila kibali.

Nilikwenda kesho yake. Kazadi alikuwa ameshaondoka kuelekea ziwani, habari ikiwa kichwani mwake. Viviane alikuwa anamfunga Tina mgongoni, akiisimulia kwa wanawake watatu wa sokoni. Papa Magloire alikuwa kwenye foleni ya kikombe cha pili, akimfokea mtu aliyempita.

Nilipopanda kutoa ripoti, nilimkuta Mkurugenzi mpya amejikunja kitini, jasho likimtoka, mikono yote miwili tumboni. Aliisikiliza ripoti hadi mwisho. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza kwa niaba ya jirani yake, iwapo uji bado upo kule chini, na iwapo msafiri aliyechoka anaruhusiwa kwenda na kiti chake.