Sahihi Saba za Kumzuia Kendrell

Kwa heshima na taadhima, Chuo cha Tarkett, kaskazini mwa Indiana, kinautangazia umma kuundwa kwa Kamati ya Kudumu ya Kuzuia Uondokaji wa Mapema. Kamati ina wajumbe sita, katibu mmoja na mhuri mmoja. Katibu ni mimi, Orville Pell. Mhuri pia unakaa kwangu.

Tatizo tulilokabidhiwa lilikuwa na urefu wa futi saba kasoro inchi moja. Kendrell Oakes alikuwa mwaka wa kwanza, na kwa sababu yake ukumbi wetu wa mpira wa kikapu ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Msimu ulipoisha aliinama akapita mlangoni kwangu, akasema anaacha chuo, anakwenda ligi ya kulipwa.

"Mama anafua mashuka ya hospitali tangu sijazaliwa, mzee," alisema. "Hapa silipwi hata senti. Nikiumia goti mwakani, nani atanitazama tena? Jina langu lazima liwafikie ligi kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni."

Nilimwelewa vizuri sana. Kwa hiyo nikampa fomu.

Fomu Namba 14 niliitunga mwenyewe, wikendi moja ya mvua. Inataka sahihi saba: za wajumbe wote, na ya katibu mwishoni, pamoja na mhuri. Ligi haiijui wala haiihitaji, ila hilo hakuna aliyeniuliza. Kendrell aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru. Nilimwambia kwa unyenyekevu kwamba mtunzi ni mimi.

Jumanne tulimwita kwenye kikao cha ushawishi. Bajeti ya ushawishi tulikuwa tumeinunulia mikate ya nyama ya nguruwe ya kukaanga, ile ambayo nyama inatokeza nje ya mkate pande zote. Mwenyekiti wetu, Dkt. Muriel Stenquist, makamu mkuu wa chuo, alisimama.

"Kijana, hapa Tarkett sisi ni watu wa kumaliza tulichokianza."

Kocha Huckaby, ambaye naye ni mjumbe, akalia machozi ya kweli. "Mwanangu, hii ni familia. Mtu haikimbii familia yake." Kisha simu yake ikaita, akaomba radhi, akatoka nje.

Sasa, msimu ukiisha, washabiki wa majimbo yetu hawaangalii tena mpira. Wanaangalia ndege. Chuo kikubwa kikitaka kumchukua mtu, hutuma ndege yake, na hakosekani mstaafu mmoja anayeifuatilia kwenye simu tangu inaporuka. Kabla sijamaliza mkate wangu, simu zote mezani zililia: ndege ya chuo fulani cha Oklahoma imetua kwenye kiwanja chetu kidogo.

"Wamekuja kumwiba mtoto!" Dkt. Stenquist alipiga kelele. "Twendeni!"

Tukajazana kwenye basi dogo la chuo. Kendrell tulimchukua pia, asije akaibwa wakati hatupo.

Ndege tuliikuta imefungua mlango. Kwenye ngazi yake alikuwa Kocha Huckaby, begani ana mfuko wa fimbo za gofu.

"Kocha! Una mkataba wa miaka minne!" nilimwambia.

"Pell, muulize wakili wangu. Ndiye anayeusoma."

Kendrell alisogea hadi chini ya ngazi. "Kocha, na ile familia?"

"Wameshakaa ndani, mwanangu. Wanafunga mikanda."

Kendrell akatoa fomu mfukoni. Kocha akaisaini juu ya mfuko wa gofu, akamtakia kila la heri.

Alhamisi Dkt. Stenquist alipata ukuu wa chuo huko Ohio. Aliniaga kwa barua pepe ya mistari miwili. Wajumbe wanne waliobaki aliondoka nao, maana kule alihitaji watu waaminifu. Kendrell aliwapata wote watano wakiwa wanafunga maboksi, na wote walisaini bila hata kusoma. Mmoja alimwomba amshushie boksi lililokuwa juu ya kabati.

Ijumaa saa tisa ikabaki sahihi yangu tu. Nilikaa nimeuweka mhuri mbele yangu. Nakiri nilifurahi. Tangu niajiriwe, hakuna mtu mrefu kiasi kile aliyewahi kunihitaji.

Alipoingia sikumkaribisha kiti. "Bwana Oakes, kuna masuala ya kiutaratibu. Huenda yakahitaji siku saba za kazi."

"Haina shida, mzee. Chukua muda wako."

"Muda wangu? Saa kumi na moja mlango unafungwa!"

Akajikuna kichwa kwa aibu. "Mama aliwapigia simu ligi. Wakasema wanataka barua moja tu. Niliituma Jumatatu."

"Jumatatu? Kabla ya kikao?"

"Ndiyo."

"Sasa hii fomu umezunguka nayo wiki nzima ya nini?"

"Uliniambia umeitunga mwenyewe," alisema. "Nikaona si vizuri kukuvunja moyo."

Niliumia, na sikujua nimkasirikie nani. Nikasaini. Nikapiga mhuri mara mbili. Alinipa mkono, mkono wangu wote ukapotea ndani ya wake, akainama akatoka.

Jioni hiyo niliitisha kikao cha kufunga hoja. Akidi ilitimia, kwa kuwa mtu pekee aliyebaki kwenye kamati, yaani katibu, alihudhuria. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba kamati ilishughulikia watu wanane, na mmoja amekubali kubaki. Alipotakiwa kueleza sababu, alisema hajawahi kuitwa mahali pengine popote.