Kwanza, Nane, Nne, Pili

Jumatatu, tarehe nne Machi

Siku kubwa! Mhariri kaniita ofisini kwake, na safari hii si kwa sababu ya koma. Miaka 11 nimekaa kwenye kijimeza karibu na choo nikisahihisha makosa ya wenzangu. Majina yao juu ya makala, wino kwenye vidole vyangu. Leo kaniuliza kama naifahamu Abiria wa Kimondo.

Naifahamu? Nimelelewa nayo!

Uongo mtupu. Kwetu redio ilikuwa ya mpira na matangazo ya vifo. Najua tu kwamba ni mchezo wa redio wa watu waliopotea angani ndani ya chombo chao, Kimondo. Ulirushwa miaka 31 bila wao kufika popote, kisha ukakatika. Sasa umerudi. Tamthilia mpya za sauti, sehemu nane, zitarushwa zote Jumamosi, na gazeti limepewa nakala mapema. Nikiandika uhakiki mzuri wa Ijumaa hii, safu ya kila wiki ni yangu, jina juu. Nikiboronga, koma mpaka nistaafu.

Mtunzi wa chemshabongo, ambaye meza yake inatazamana na yangu, naye alikuwa akiitaka safu hiyo. Kanipongeza kwa mdomo, macho yakisema mengine. Nimemwonea huruma kidogo, si sana.

Nikawatangazia nyumbani. Mke wangu ni mfamasia, mtu wa kupima kila kitu kabla hakijamezwa. Kaniuliza kama Mhariri anajua kwamba mimi husinzia hata kwenye taarifa ya habari. Mama mkwe, ambaye anakaa nasi tangu baba mkwe alipofariki, aliacha kukunja nguo. Kumbe yeye na marehemu hawakukosa hata sehemu moja. Kaniomba tusikilize pamoja. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba hivi ni vifaa vya kazi, Mama, siri ya ofisi. Kaitikia vizuri tu, akarudi kwenye nguo zake.

Jumanne, tarehe tano Machi

Nimechomeka kwenye simu kadi ya kumbukumbu yenye nakala. Aibu! Mafaili yameitwa "Sehemu 1", "Sehemu 2", mpaka 8. Kwa tarakimu! Kanuni ya gazeti letu iko wazi, niliichapa mwenyewe nikaibandika ukutani: namba chini ya kumi huandikwa kwa maneno, kumi na zaidi kwa tarakimu. Hata shajara hii inaiheshimu. Nikakaa nikayasahihisha yote. Sehemu ya Kwanza, Sehemu ya Pili, hivyo hivyo mpaka ya Nane. Simu ikayapanga yenyewe bila kuniuliza hata swali.

Nikajifungia chumbani, nikabonyeza. Kila sehemu inaanza na dakika mbili za filimbi na mtangazaji anayejikohoza. Nimeziruka. Mtu mzima ana kazi zake.

Sehemu ya kwanza nzuri. Chombo kinaondoka. Nahodha mkali, Mpishi mlalamishi, Mhandisi mwenye haya, Rubani wa kike asiyetaka utani. Ikaja inayofuata: Nahodha anazikwa, chombo kinatua nyumbani, watu wanalia. Haraka kweli! Miaka 31 ya kupotea, leo wamefika kwa sehemu mbili. Nikajiuliza hizo sita zilizobaki watafanya nini, labda usafi.

Mezani sikuweza kujizuia. Kwa sauti ya mhakiki nikatangaza kwamba Nahodha anakufa, anazikwa, na wenzake wanafika nyumbani. Mama mkwe akaweka kijiko chini. Akauliza kwa upole kama nina hakika. Nikamwambia nimesikia kwa masikio yangu mawili. Akaomba radhi, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Nadhani alivutiwa na uchambuzi. Mke wangu kanikata jicho mpaka sahani zilipoondolewa.

Jumatano, tarehe sita Machi

Balaa! Nimebonyeza sehemu inayofuata na nani anaongea? Nahodha! Yule tuliyemzika jana! Tena mzima wa afya, anawafungisha ndoa Mhandisi na Rubani. Nikasema labda ni pacha wake. Inayofuata: Mhandisi anamwuliza Rubani jina lake nani. Mkewe wa ndoa! Inayofuata: Nahodha anakufa, upya. Inayofuata ana homa. Inayofuata anacheza karata na kumwibia Mpishi. Na ile ya mwisho kabisa, mtu anabisha hodi kwenye mlango wa chombo, kutoka nje, angani. Nahodha anauliza ni nani. Filimbi. Kwisha!

Kesho makala inatakiwa na sijaelewa kitu. Nikazunguka chumba mara tatu, nikajikwaa kwenye pasi. Hapo ndipo akili ilipofunguka. Hii si fujo, hii ni sanaa! Angani wakati hauendi kwa mstari. Unajifunga. Nimeupa jina: Muundo wa Fundo. Mhandisi anamwuliza mkewe jina kwa sababu ndoa ni kumfahamu upya mwenzio kila siku. Nahodha anakufa mara mbili kwa sababu mara moja haitoshi. Hodi ni swali kwa binadamu wote. Niliandika mpaka mkono ukafa ganzi.

Mama mkwe alinisimamisha mlangoni. Miaka 26 alikuwa opereta wa simu, mtu wa kuchomeka nyaya na kuunganisha watu, kwa hiyo kwa sikio lake ukuta si kitu. Kaniuliza mbona nauruka muziki. Kasema marehemu alikuwa akiupiga mluzi ule kila alipopanda ngazi akitoka kazini, na yeye kule juu akajua mtu wake amefika. Akasema pia kwamba mtangazaji anasikilizwa, anasema vitu. Nikamjibu kwamba huyo naye namruka.

Akaenda zake. Nilijisikia vibaya kwa muda wa dakika nne hivi. Kisha nikarudi kwenye Fundo.

Ijumaa, tarehe nane Machi

Jina langu limechapwa! Nimenunua nakala sita. Mhariri kasema hakuelewa hata aya moja na hiyo kwa kawaida ni dalili nzuri. Mtunzi wa chemshabongo kaisoma mara mbili, kisha akaniuliza niliwezaje. Nikamwambia ni sikio. Kuna watu wamezaliwa nalo.

Jumamosi, tarehe tisa Machi

Tamthilia zimerushwa kutwa nzima. Mama mkwe na mke wangu wameketi mbele ya redio tangu asubuhi, chai na blanketi. Wameniita. Nikasema mimi nimeshasikia, nikajilaza.

Niliwasikia kwa mbali wakilia, kisha wakicheka. Wakicheka sana. Nilipotoka, Mama mkwe alikuwa na gazeti langu magotini na miwani imeloa. Kaniomba karatasi na bahasha. Nikampa ile nzuri ya ofisini. Mzee wa watu, labda anamwandikia dada yake. Mke wangu kasema ataipeleka mwenyewe Jumatatu akienda kazini.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Nimedhulumiwa! Mhariri kasoma barua ya msomaji mbele ya ofisi nzima. Mwandishi anajiita Sikio la Siku Nyingi. Anasema uhakiki ulimfurahisha kupita kiasi, hasa pale Nahodha anapofufuka. Kisha, kwa adabu ya kuudhi, anaonyesha mpangilio nilioufuata: Kwanza, Nane, Nne, Pili, Saba, Sita, Tano, Tatu. "Mhakiki wetu," kaandika, "amesikiliza kama mtu anayesoma kamusi. Namshauri asiruke muziki wa mwanzo, kwani mtangazaji hutaja namba ya sehemu."

Ofisi ililipuka. Fundi wa mashine alikaa chini sakafuni. Mimi nilitabasamu kama mtu anayejua jambo, huku nikiomba ardhi ipasuke. Fundo langu! Kumbe alfabeti!

Lakini mimi si mtoto. Nani hapa anajua alfabeti kuliko wote? Nani anaitaka safu? Nilimkazia macho mtunzi wa chemshabongo mpaka akaniuliza kama nina kitu jichoni.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Mpango wa kujinasua. Nimeandika barua kutoka kwa Msomaji Mwenye Shukrani, akimtetea mhakiki na kumwita Sikio la Siku Nyingi mtu asiye na maono. Nikaichapa, nikaikunjakunja ionekane imetoka mbali, nikaitumbukiza kwenye sanduku la barua wakati wa chakula cha mchana.

Saa tisa Mhariri kaniita. Barua iko mezani kwake. Kidole chake kiko kwenye mstari wa pili.

"Tangu nianze kazi hii," kasema, "hakuna msomaji aliyewahi kutuletea nukta mkato iliyokaa mahali pake."

Nilimwuliza tu kama nyingine, ile ya mstari wa tisa, aliiona.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Nimemvamia mtunzi wa chemshabongo akitia sukari kwenye chai na kumwambia akiri. Kaniapia kwamba si yeye, ila anatamani angekuwa yeye. Kabla sijambana zaidi, Mhariri katuita sote wawili. Safu amempa Sikio la Siku Nyingi. Namba ya simu iko chini ya barua. Akaniambia nizihakiki tarakimu zake, na kweli nikasogeza nafasi moja iliyokaa vibaya. Nikaona namba si ngeni. Sikuwaza zaidi.

Mhariri akapiga, spika imewashwa. Ikaita mara mbili.

"Makao makuu, nikuunganishe na nani?"

Sauti ile! Sauti inayoniuliza kila asubuhi nimelalaje! Mtunzi wa chemshabongo alinitazama usoni, akaelewa kila kitu, akaenda kuegemea ukuta. Alicheka bila kutoa sauti, ambayo ndiyo mbaya zaidi.

Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nichelewe. Mama mkwe alikuwa jikoni akipepeta mchele. Shikamoo yangu ilitoka nyembamba. Akaitikia, akanivutia kiti, akasema niliandika vizuri sana, ni hesabu tu. Nikaona aibu ya kweli. Nikamwomba radhi kwa yote: kwa kumnyima kusikiliza, kwa muziki wake, na zaidi kwa kumwambia mwisho mezani, yeye aliyeungoja miaka yote hiyo.

Akaendelea kupepeta.

"Baba yako mkwe alikuwa akisema watafika tu," akasema. "Kila wiki. Akafa hawajafika. Wewe ndiye uliyeniletea habari kwamba wamefika, mwanangu. Niliondoka mezani nikamwambie."

Nikachukua ungo nikamsaidia, na nikamwaga kidogo tu.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Barua imechapwa. Nimeisahihisha mwenyewe, haikuwa na kosa hata moja, jambo ambalo si la kawaida na limeniuma. Nikajiliwaza kwa chemshabongo. Kidokezo cha kwanza, kwenda kulia: "Hajui kuhesabu hadi nane. Herufi saba." Nimehangaika nacho kutwa. Mtunzi alikuwa akinichungulia juu ya meza yake, machozi yakimlengalenga. Mwishowe nimejaza MCHANGA. Imeingia vizuri kabisa.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Mambo yamekaa sawa. Tamthilia zimependwa na watengenezaji wameongeza nyingine, sehemu 12, safari ya pili ya Kimondo. Uhakiki wa kwanza wa Mama mkwe, jina juu, ni wa Ijumaa hii. Mhariri kanikabidhi kadi nimpelekee. Kaniambia mara tatu kwamba kazi yangu ni kubeba. Kubeba, si kugusa. Nikamhakikishia kwamba mimi ni mtu aliyejifunza.

Na kweli nimejifunza. Sitaruka tena muziki wa mwanzo, hata kwa dawa.

Nilipofika nyumbani nikaichomeka kwenye simu, kuangalia tu kama ni nzima. Tarakimu tena! Hawa watu hawasikii? Ijumaa majina hayo yataingia gazetini, kwenye safu ya mama wa mke wangu, yamejaa 1 na 2 kama risiti ya dukani. Haiwezekani. Nimeyasahihisha haraka, kuanzia ya kwanza mpaka ya tisa, kwa maneno. Sehemu za 10, 11 na 12 nimeziacha kwa tarakimu kama kanuni inavyotaka. Simu imeyapanga yenyewe, zile tatu juu kabisa, nadhifu sana.

Nikamwita Mama mkwe, nikamwekea mto mgongoni. Mke wangu akaleta chai. Nikabonyeza ya juu kabisa, nikakunja mikono, nikaacha filimbi ilie dakika zake mbili zote. Mama alifumba macho. Alikuwa akiupiga mluzi ule polepole, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia nyayo kwenye ngazi. Nilifurahi mpaka pua ikaniwasha.

Mtangazaji akajikohoza. Akasema: Sehemu ya kumi.

Mama akafumbua jicho moja, akanitazama. Mke wangu akaweka kikombe chini.

Ya kumi! Wameanzia ya kumi! Sikusema mimi? Fundo! Nimekimbia kuchukua kalamu.