Gunia Kwenye Bomba

Jumatatu, 12 Agosti 1996

Serikali ina pesa! Ruzuku ya kuzuia mateso ya watoto, kwa utafiti na kwa miradi. Nimeisikia kwa karani mmoja wa Migori ambaye hakujua kwamba ninasikiliza. Sina mradi. Sina utafiti. Sina hata mtoto. Mambo madogo hayo. Kufikia saa sita nilikuwa nimeanzisha Kituo cha Utafiti na Ulinzi wa Watoto, Macalder. Mkurugenzi: mimi, Oliver. Mweka hazina: Jacktone, mwenye mashimo ya dhahabu, mtu mzito, pete kidoleni. Ametoa na ofisi bure, stoo yake ya zamani kando ya mashimo. Alikubali upesi mno. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza siku nzima.

Bathsheba muuza uji naye ameomba ruzuku hiyo hiyo. Eti kwa sababu analisha watoto wa mashimoni. Kulisha si utafiti! Nilimwambia hivyo. Akaniuliza mimi nimemtafiti mtoto wa nani. Wateja wake wakacheka mpaka uji ukawatoka puani. Sikununua.

Jumanne, 13 Agosti

Ofisi. Meza moja, viti viwili. Kwenye kona bomba la chuma limechomoza sakafuni, la mgodi wa zamani. Linatoa upepo wa baridi, harufu ya udongo mbichi. Nimetundika kofia yangu juu yake. Kofia inapanda na kushuka kidogo kidogo, kama kifua cha mtu aliyelala.

Afisa wa watoto, Madam Leonida, anakuja Ijumaa kukagua. Atataka kuona watoto walioteswa. Nimekodi watano kwa majirani, malipo mandazi. Wote wanene. Nimewapaka majivu.

Nimewatungia kisa. Mtu mbaya anateremsha mtoto shimoni kwa kamba. Anagonga bomba mara tatu, mtoto anatetemeka. Hilo la kugonga limenijia tu, sijui kutoka wapi. Kipaji! Jioni nilimsimulia Jacktone hotelini. Hakucheka. Aligonga meza kwa pete yake, mara tatu, kuita chai kama kawaida yake. Halafu akauficha mkono mfukoni.

Jumatano, 14 Agosti

Mazoezi. Watoto watano walikaa mkekani. Nilipogeuka walikuwa sita. Wa sita ni msichana wa miaka tisa hivi, vumbi jeupe hadi kwenye kope, na huyo sikumpaka mimi. Hakuna aliyemjua. Alisema anaitwa Trizah, na kwamba amesikia hapa ndipo watoto husema. Nikamwambia mandazi hayatoshi. Akasema hakufuata mandazi. Mtoto wa gharama nafuu! Nikampokea.

Niligonga bomba mara tatu. Watano wakatetemeka vizuri. Trizah alifumba macho, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa kama anayeshika kamba. Nikamkosoa: hapo unatetemeka.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Ukigongewa, unapanda."

Kisha bomba likajibu. Ngo. Ngo. Ngo. Kutoka chini.

Wale watano walitoka mbio na mandazi yangu. Trizah alibaki, sikio kwenye chuma. Nikamwambia ni panya.

Alhamisi, 15 Agosti

Si panya. Ni Bathsheba, ananiharibia. Nilimwendea sokoni nikamshtaki mbele ya watu. Hakuacha kukoroga.

"Omera, ndugu, mimi nagonga sufuria tu," alisema. "Kama bomba lako linaongea, mbona hujaliuliza linataka nini?"

Kejeli tupu. Anayezungumza na bomba hapewi ruzuku.

Mazoezi kutwa nzima. Wale watano walirudi, ila kwa mandazi mawili mawili. Kila nikigonga, linajibu. Kila mara kwa unyonge zaidi. Kila mara Trizah anainua mikono. Jioni nikachukua gunia nikaliziba barabara. Kimya. Hata ule upepo umekoma. Trizah alilitazama gunia, akanitazama mimi. Mwigizaji hodari, lakini machozi hana kabisa. Nimemshauri atumie kitunguu.

Ijumaa, 16 Agosti

Madam Leonida: viatu vya chini, sauti ya chini. Jacktone alikuja na tai. Alipomwona Trizah, chai yote ilimwagikia tai. Malaria, alisema. Akaninong'oneza nimwondoe yule mtoto, mchafu, ataniaibisha. Nilikataa. Ndiye mwigizaji wangu bora!

Nilitoa gunia, nikagonga. Watano wakatetemeka. Trizah akainua mikono. Madam alikuwa akiandika. Kikapita kimya kirefu, halafu kutoka chini: ngo. Tukangoja. Ngo ya pili. Ya tatu haikuja.

Madam aliweka kalamu, akachuchumaa mbele ya Trizah.

"Nani yuko chini, nyathina, mwanangu?"

"Ndugu yangu. Mwalimu akigonga, anadhani anaitwa apande. Halafu hakuna anayevuta kamba."

Nilieleza kwamba hayo hayamo katika kisa changu. Hakuna aliyenisikiliza. Jacktone alikuwa ameshafika mlangoni, lakini mlangoni alisimama Bathsheba na ndoo yake ya uji. Alikuwa amekuja kunicheka. Si mwanamke wa kupitwa.

Jumamosi, 17 Agosti

Mvulana alitolewa jana jua likizama. Ana miaka saba. Yu hai. Walipomfikisha juu hakutaka kushusha mikono, hata baada ya kamba kufunguliwa. Wanasema Jacktone alimwacha huko chini tangu dada yake alipotoroka, asije naye akasema. Polisi wamemchukua Jacktone. Kituo changu hakina tena mweka hazina.

Pigo zaidi: Madam atampendekeza Bathsheba apewe ruzuku. Wale watoto wawili tayari wamelala kwake. Mimi Madam aliniambia tu kwamba bomba lilinigongea siku baada ya siku, na mimi nikalijibu kwa gunia. Nilimwuliza kama hilo linahesabika kama utafiti. Akaingia garini.

Trizah amesema kulikuwa na mtoto mwingine kabla yao. Jacktone aliwaambia alirudi kwao Sori. Polisi wameuliza Sori, hajafika. Wakashuka shimoni tena, hawakuona mtu. Mdomo wa shimo wameujaza mawe.

Jumatatu, 19 Agosti

Serikali ina pesa za wazee! Nimeambiwa na mtu wa kuaminika kutoka Rangwe. Kituo cha Utafiti na Ulinzi wa Wazee kimeanza leo. Natafuta wazee watano wanaojua kulia. Ofisi ni ile ile. Mwenye nyumba hayupo kunitoa. Nilifungua kikao cha kwanza, mimi peke yangu, kwa kugonga meza mara tatu.

Bomba likajibu.

Panya, bila shaka. Bahati nzuri gunia bado ninalo.