Ajono kwa Utaratibu: Uzinduzi wa Kituo cha Okwarat

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Wilaya uliyetuma udhuru, mheshimiwa mwakilishi wake uliye bado njiani, watumishi wa Mungu wa madhehebu yote, wazee wa koo, kina mama wapishi wa ajono, pombe yetu ya wimbi, na wewe uliyekalia kiti cha mgeni rasmi, hebu simama nikusalimu: yoga noi! (Makofi ya safu ya mbele.)

Mimi, Silvesta Ekwaru, Afisa Mwandamizi wa Uratibu wa Vinywaji vya Asili, kwa unyenyekevu ambao wengi wamenisifia, natamka kwamba kufuatia upembuzi yakinifu na semina elekezi zilizofanyika hotelini kule ziwani, enzi za kila mama kupika pombe nyuma ya jiko lake, bila dira wala mpango kazi, zimefikia tamati, ndiyo maana nikaagiza mitungi yote iletwe hapa, kwenye Kituo cha Kisasa chenye mabomba ya maji moto, kitakachopandisha furaha ya wananchi kwa asilimia mia na arobaini! (Vigelegele. Mtu anakohoa.)

Naam, mama yetu Toto Asekenye, sema kwa ufupi.

("Afisa, jioni hii tunamaliza matanga ya mume wangu. Wakwe wameshakaa, mirija ya kunywea mkononi. Ajono imeiva, inangoja maji moto tu. Bomba liko wapi?")

Swali zuri sana, mama. Bomba liko kwenye mchakato.

("Huo mchakato uko upande gani, tukachote?" Kicheko.)

Tusiingize mzaha kwenye maendeleo! Narudia, ni marufuku kuwasha moto nyumbani mpaka tathmini shirikishi ya wadau...

(Asekenye anajitwika mtungi. "Marehemu hakuwahi kungoja tathmini. Twendeni kwangu, kuni zipo." Wanawake wananyanyuka, mitungi kichwani.)

Tazameni! Wadau wameanza maandamano ya kuniunga mkono! Papa Okiria, na wewe mzee wa ukoo?

("Nakuunga mkono, mwanangu. Ila naanza na mrija.")

Ajono safi! Ajono kwa utaratibu! (Mbuzi analia.)

Kwenu mliobaki, yaani mpiga picha na dereva wangu, eyalama noi. Namshukuru pia mwenye shamba hili kwa miti yake miwili tuliyofungia utepe, maana ukuta wa kuufungia haujapata kujengwa, na mchoraji wa ramani hatujamtafuta.

Dereva, wale kina mama wameshika njia ipi? Koo limenikauka.