Mwenyekiti na Hesabu ya Theluthi

Jumatatu, 3 Machi
Mnunuzi wetu mkubwa kapiga simu. Hachukui tena ndoo wala beseni kwa kampuni ambayo bodi yake ina jinsia yoyote iliyo chini ya theluthi. Ametupa wiki moja. Ajabu! Ndoo inajua nani amekaa mezani? Kiwanda hiki nimekijenga peke yangu, kwa jasho langu na kiwanja cha mama mkwe tulichouza tukanunua mashine ya kwanza.

Tuko sita kwenye bodi. Mwanamke ni mmoja, mama mkwe mwenyewe, na husinzia kuanzia ajenda ya kwanza. Mama watoto kashauri niongeze wanawake wawili tu, yaishe. Wawili! Wenye macho wazi! Nikamwambia aniachie kazi yangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeamka na jibu. Kichwa hiki si cha kuvalia kofia tu. Kwa nini niongeze wanawake? Nipunguze wanaume! Sita toa watatu, wabaki watatu, mwanamke mmoja. Theluthi safi, kama imekatwa kwa msumeno.

Nani aondoke? Shemeji, kaka yake mama watoto, haguswi. Nikimtoa nitahamia sebuleni. Basi watoke marafiki zangu watatu. Marafiki huelewa.

Jumatano, 5 Machi
Bonge: nimemwambia ngazi za chumba cha mikutano zitamuua. Akasema amezipanda miaka yote hiyo, na anayehema tukifika juu ni mimi. Katoka.

Mwenye Malori: nimemweleza kuwa anayetubebea mizigo hafai kuwa mkurugenzi wetu. Akauliza kama hilo nimeoteshwa. Kaondoka, chai kaiacha inafuka. Wawili chini!

Alhamisi, 6 Machi
Leo zamu ya Mwalimu, aliyenifundisha hesabu nikiwa na kaptula. Nimempa beseni la bluu kama zawadi ya kustaafu. Akaligeuza, akaona ufa, akaliweka chini kwa adabu. Kisha akaniuliza nimehesabu nini hasa. Nikasema vichwa. "Mwanangu," akasema, "kwenye bodi huhesabiwa mikono."

Maskini. Uzee huo.

Jumatatu, 10 Machi
Kikao. Chumba chetu kiko juu ya mashine, meza inatetemeka, vikombe vinatembea vyenyewe. Tulikuwa watatu. Nimempigia mnunuzi mbele yao, akaridhika. Nikasimama nijipongeze kidogo.

Mama mkwe akafumbua macho. Kumbe hakuwa akisinzia! Alikuwa amechoka, kasema, kuleta hoja zikaangushwa kila mwaka na mimi na wenzangu watatu, mikono minne kwa mmoja. Kwa kuwa leo anaiona mikono imepungua, anayo hoja moja ndogo. "Keti, mkwe wangu."

Nikaketi. Hoja: mwenyekiti awe yeye.

Akainua mkono. Shemeji, ambaye mkono wake sijawahi kuuona ukienda kokote ila kwenye biskuti, naye akauinua! Nikamwuliza, shemeji, hata wewe? Akasema mama ni mama. Kisha akachukua biskuti.

Nilitaka kubisha. Lakini mtu habishani na mama mkwe. Nimebisha moyoni, kwa sauti ya juu kabisa.

Jumanne, 11 Machi
Mwenyekiti mpya halali usingizi. Kaingiza wanawake watatu: mhasibu, msimamizi wa mashine na mama watoto wangu mimi! Wamekaa nusu saa, wakaulizana kwa nini tunauza mabeseni yenye nyufa. Msimamizi kasema alishaniambia mara nyingi kuwa kalibu, chuma cha kuumbia beseni, imechakaa. Alishaniambia, ndiyo, ila sikumbuki kama aliniambia kikaoni. Ikapigwa kura kalibu ibadilishwe. Watano kwa mmoja. Mama watoto ndiye aliyewahi kuinua mkono kuliko wote.

Mimi nimepewa kiti cha pembeni na kazi ya kushika chupa ya chai isianguke.

Jumatano, 12 Machi
Wanadhani nimekwisha. Leo, chupa mkononi, nimepiga hesabu. Tuko sita, wanaume wawili. Theluthi kamili, haina hata unywele wa ziada! Na mnunuzi alisema jinsia yoyote. Shemeji akitoka, mwanamume nabaki mmoja kati ya watano. Kanuni imevunjika, mnunuzi anakuja juu, na hapo watanipigia magoti. Nami nitasema: sawa, lakini kwanza uenyekiti wangu.

Jioni nimemfuata shemeji, nikamshawishi ajiuzulu. Nilijiandaa kubembeleza mpaka usiku. Wapi! Alikubali palepale, akaniuliza tu kama nina hakika. Kaka mtu ana huruma kweli. Tumepeana mikono.

Kuanzia kesho kura ya mwanamume ni yangu peke yangu, lakini ni ya dhahabu. Mama mkwe na wenzake hawana pa kukimbilia. Wanaume wanaofaa kukaa kwenye bodi hawaokotwi barabarani, na watatu waliokuwepo nimeshawatoa mwenyewe.